Mkono Unaomfuata Mtoto

Katika nyumba nyingi za mwambao, siku arobaini za uzazi zina mwenyewe. Ni bibi, ni shangazi, au ni mkandaji wa mtaa anayebisha hodi asubuhi na mapema na kutengewa maji ya moto, taulo na chupa ya mafuta ya nazi. Huanza na mzazi, kiuno na tumbo. Kisha huketi mkekani, akanyoosha miguu na kumlaza mtoto juu ya mapaja yake. Mafuta kidogo kiganjani, viganja vinasuguliwa mpaka vipate moto, halafu kazi inaanza: kifua, mikono, magoti yanakunjwa hadi tumboni na kunyooshwa, mgongo, mwisho nyayo. Mtoto anaogeshwa, ananyonya, analala fofofo. Mkandaji wa namna hii amewapitisha mikononi mwake watoto wa mtaa mzima, na hajasomea popote.

Kisha siku moja analetewa mtoto wa aina nyingine. Huyu hakulia alipozaliwa; wakunga walimpigania kwa dakika kadhaa ndipo akavuta pumzi. Sasa ana miezi mitano. Mapaja yanabana mama anapotaka kumbadilisha nepi, ngumi hazifunguki, na akilazwa chali anajipinda kwa nyuma. Mkandaji anafanya anachokijua: anavuta mguu ili aunyooshe. Mguu unakaza. Anavuta kwa nguvu zaidi, nao unakaza zaidi, na mtoto anaangua kilio.

Hakuna nia mbaya hapo. Kuna jambo moja la mwili ambalo mkandaji hajapata kuambiwa: misuli iliyokakamaa kwa sababu ya hitilafu ya ubongo huzidi kukaza kadiri inavyovutwa kwa haraka. Ikisogezwa polepole sana hulegea, ikishtuliwa hujifunga. Mkono uleule na nguvu ileile iliyomlaza usingizi mtoto wa jirani inamtesa huyu. Sura hii inahusu tofauti hiyo: namna ukandaji unavyopaswa kubadilika kufuatana na umri wa mtoto, hali aliyo nayo, na kile anachokisema kwa mwili wake.

Ushahidi wa kitabibu kwamba kukanda kunaweza kumkuza mtoto ulitoka mahali ambapo watu wengi wasingethubutu kukanda, yaani ndani ya inkubeta. Hadi miaka ya 1980, kanuni katika wodi nyingi za watoto njiti ilikuwa kuwagusa kwa lazima tu: kuchoma sindano, kubadilisha mrija, kupima. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya jaribio la watoto njiti 40. Nusu yao walikandwa mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku 10. Waliokandwa waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, ingawa maziwa waliyopewa hayakuzidi, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku 6 mapema.

Inafaa kuutazama utaratibu wao kwa karibu, maana siri iko kwenye utekelezaji. Mkandaji anapasha mikono moto kwanza, kisha anaiingiza kwenye matundu ya inkubeta. Kwa dakika 5 mtoto amelala kifudifudi: kiganja kinateremka kutoka utosini hadi shingoni, kutoka shingoni hadi mabegani, kutoka mgongoni hadi kiunoni, kutoka mapajani hadi nyayoni, kutoka mabegani hadi vidoleni. Kila sehemu hupewa dakika moja, na kila mpapaso mmoja huchukua takriban sekunde 5. Dakika 5 za katikati mtoto hugeuzwa chali, akakunjwa na kunyooshwa mkono mmojammoja na mguu mmojammoja, taratibu. Dakika 5 za mwisho hurudia zile za kwanza. Basi. Hakuna kuminya kwa nguvu, hakuna kuvuta shingo, hakuna kurushwa hewani.

Kwa nini uzito uongezeke bila chakula kuongezeka? Jibu la kwanza lilitoka kwa panya. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Saul Schanberg na wenzake waligundua kwamba vitoto vya panya vikitengwa na mama yao, homoni ya ukuaji hushuka. Walipovisugua kwa brashi yenye unyevu, kwa mkazo unaofanana na ulimi wa mama panya anapovilamba, homoni ilirudi. Kwa watoto wa binadamu, timu ya Miami ilipima baadaye na kuona kwamba kukanda kunaamsha neva kubwa ya vagasi inayoteremka kutoka ubongoni hadi tumboni. Tumbo hufanya kazi vizuri zaidi, na insulini nayo hupanda.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mguso mwepesi haukuleta faida hiyo. Wazazi wengi wakimwona mtoto mdogo wa kilo moja na ushei humgusa kwa ncha za vidole, kwa woga na mapenzi. Mtoto huyo hutekenywa. Hukunja uso, hurusha mikono, mapigo ya moyo hupanda. Alichokihitaji ni kiganja kizima kinachotulia juu ya ngozi kwa mkazo wa wastani, kiasi cha ngozi kubonyea kidogo tu. Kwa mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi tumboni, mpapaso wa taratibu una kazi yake: ngozi yenye nywele ina nyuzi za neva ambazo hujibu vizuri zaidi mkono ukienda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, mwendo ambao mama humpapasa nao mwanawe bila kufundishwa. Lakini kwa njiti, mkono mwepesi ni usumbufu.

Hapa inabidi kuwa mkweli kwa msomaji. Taasisi ya utafiti wa mguso ambayo Field aliianzisha mwaka 1992 ilipata fedha za mwanzo kutoka kwa Johnson & Johnson, kampuni inayouza mafuta ya watoto. Na wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipokusanya majaribio yote ya watoto njiti mwaka 2004, waliona faida ya takriban gramu 5 kwa siku, lakini wakasema ubora wa majaribio hautoshi kuzilazimisha hospitali zote. Mwaka 2013 walipitia majaribio 34 ya watoto wa chini ya miezi 6 wanaokua vizuri, na hawakupata sababu ya kuupendekeza ukandaji kama tiba kwao. Mtoto mzima mwenye afya hukandwa kwa sababu anafurahia na mama anafurahia. Hiyo ni sababu tosha. Haihitaji kupambwa kwa madai ya kuongeza akili.

Zipo pia hali ambazo mtoto njiti hafai kukandwa kabisa. Aliyezaliwa mapema mno, bado anasaidiwa kupumua na bado hajatulia, hupewa mkono usiosogea: kiganja kimoja kimefunika kichwa, kingine kimekusanya miguu, dakika chache, bila kupapasa. Muuguzi mzoefu humsoma mtoto huyo kwa dalili ndogo. Vidole vikitanuka ghafla, kwikwi ikianza, chafya ikifuatana, rangi ikibadilika au uso ukigeuzwa pembeni, maana yake ni imetosha.

Na kuna mguso mmoja ambao hauna mabishano. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alikosa inkubeta za kutosha, akaanza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia iitwayo kangaruu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki: kumweka mtoto kangaruu mara tu anapozaliwa, bila kungoja atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Mama wa njiti anayeuliza aanze na nini, aanze na hilo. Kukanda kutafuata.

Mafuta nayo yana habari yake. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya watoto ya Dhaka, Bangladesh, waliripoti kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi ya hospitalini kwa asilimia 41 pungufu kuliko wasiopakwa. Ngozi ya njiti ni nyembamba na huvuja. Mafuta yalisaidia kuiziba njia ya vijidudu. Kwa mafuta ya nazi, jaribio la Karachi, Pakistan, lilionyesha jambo linalofanana, na hilo ni faraja kwa bibi wa Pemba. Mafuta ya haradali, yanayopendwa sana huko Asia Kusini, katika maabara yaliuharibu ukuta wa ngozi. Lakini mambo si mepesi: mwaka 2016 watafiti wa Manchester, Uingereza, waliwapaka mafuta ya zeituni na ya alizeti watoto waliotimiza miezi, wakaona ngozi ina unyevu zaidi lakini mpangilio wa mafuta yake ya asili umechelewa kukomaa. Kinachofaa nyumbani ni mafuta safi yasiyo na manukato, kiasi kidogo, yajaribiwe kwanza kwenye mkono wa mtoto na kuangaliwa hadi kesho yake. Liwa, karafuu na dawa za kuchua za watu wazima zibaki kwa watu wazima.

Mtoto akianza kutambaa, mkeka humshinda. Hakai chali dakika kumi akisubiri. Wakandaji wenye busara humfuata: mguu unakandwa akiwa amesimama ameshika stuli, mgongo akiwa amepakatwa, kiganja wakati wa mchezo wa vidole. Dakika mbili hapa, tatu pale.

Kwa Afrika Mashariki kumgusa mtoto na kumfundisha mwili wake havijawahi kutengana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliishi na kufanya utafiti katika jamii ya Wakipsigis, Kenya, akaona watoto wanakaa wenyewe takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Wazungu kabla yake walikuwa wamedhani ni maumbile ya Mwafrika. Super aliangalia vizuri zaidi: wazazi walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa, wakiwawekea kishimo ardhini cha kuegemeza mgongo, na wakiwafundisha kutembea. Kutambaa, ambako hakuna aliyekufundisha, hakukuwahi. Kwa hiyo mikono ya wazazi ilikuwa inaunda kile hasa ilichokilenga. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemshughulikia mtoto aliyechelewa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa miezi mitano, mwenye dalili za mtindio wa ubongo.

Mtindio wa ubongo katika nchi zetu mara nyingi huanzia kwenye uzazi mgumu, mtoto kukosa hewa, manjano kali isiyotibiwa mapema, au homa ya uti wa mgongo na malaria ya kichwani baadaye. Jeraha la ubongo haliongezeki, lakini athari zake mwilini huongezeka: misuli inayobaki imekaza miezi na miaka hufupika, viungo hujipinda, nyonga huchomoka. Kukanda hakuliponyi jeraha. Kazi yake ni kuulegeza mwili kabla ya mazoezi, kupunguza maumivu, kumsaidia mtoto alale. Jaribio dogo la watoto 20 lililochapishwa mwaka 2005 lilionyesha kwamba waliokandwa dakika 30 mara 2 kwa wiki, wiki 12, walipungukiwa na ukakamavu kuliko waliosomewa hadithi tu. Ni watoto 20 tu, na haifai kujenga ghorofa juu yao; ila wazazi na wataalamu wengi wanaona jambo hilohilo kila siku.

Tazama kiganja. Ngumi imefungwa, dole gumba limo ndani. Mtu asiyejua hushika ncha za vidole na kuvifungua kimojakimoja, au huling'oa dole gumba. Ngumi hujifunga zaidi, na kiungo cha chini ya dole gumba huweza kuumia. Anayejua haanzii vidoleni hata kidogo. Anamketisha mtoto mapajani, kichwa kikiwa katikati, mabega yakiletwa mbele kidogo. Anatuliza kiganja chake juu ya bega, anangoja, anateremka hadi kiwiko, anangoja tena. Akifika kwenye kifundo cha mkono, anakikunja kwa ndani, upande wa kiganja cha mtoto. Kifundo kikikunjwa hivyo, kano za vidole hulegea na vidole vyenyewe huachia. Kisha anapapasa nyuma ya mkono, upande wa kidole cha mwisho, na kulitoa dole gumba kwa kulishika shinani. Ngumi ikishafunguka, kiganja chake hukaa ndani ya kiganja cha mtoto, na kifundo hurudishwa polepole kunyooka. Hapo ndipo mafuta huingia, na mara nyingi jasho na uchafu wa siku kadhaa hutoka, maana mkunjo wa ngumi ya mtoto wa hivyo hauoshwi kirahisi.

Miguu ina kanuni ya namna hiyo. Inayopishana na kukaza haivutwi kwa kushikwa vifundoni. Magoti na nyonga hukunjwa kwanza, mikono ikishika mapaja karibu na magoti, kisha mapaja hufunguliwa taratibu. Kumlaza chali humfanya mtoto huyu ajinyooshe na kukaza, hivyo alazwe ubavu, mto mdogo au kanga iliyokunjwa ikiwekwa katikati ya magoti. Chumba kiwe na joto. Maji ya uvuguvugu kabla ya kukanda hurahisisha nusu ya kazi. Redio izimwe, kwa sababu mlango ukigongwa tu mwili mzima unaweza kushtuka na kukaza upya. Tumbo gumu, tatizo la kila siku kwa watoto hawa, hukandwa kwa kiganja kinachozunguka kufuata mwendo wa mshale wa saa, kama utumbo mpana unavyokwenda, na si mara tu baada ya kula.

Upo pia mtindio wa mwili kulegea, ambapo mtoto akiinuliwa anateleza mikononi. Huyu hahitaji kulegezwa. Mkono kwake huwa mfupi, wa haraka kidogo, wa kuamsha: kupigapiga kwa viganja, kusukuma kidogo kupitia goti kuelekea nyonga ili kiungo kijihisi. Anayemkanda mtoto mlegevu kwa mtindo wa kumlegeza mkakamavu anampunguzia hata kile kidogo alichonacho. Na wote wawili, kama hawatembei na wamekunywa dawa za kifafa kwa muda mrefu, mifupa yao inaweza kuwa dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa kuvutwa vibaya. Degedege likianza katikati ya kazi, mkono uache, mtoto alazwe ubavu, asitiwe chochote kinywani.

Kuhusu usonji, mwalimu bora zaidi ni mtu mwenye usonji mwenyewe. Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye baadaye alikuwa profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ameeleza kwamba utotoni alitamani kukumbatiwa, lakini mtu akimkumbatia hisia ilimfurika na akajikukurusha kutoka. Akiwa kwa shangazi yake huko Arizona, kwenye shamba la mifugo, aliona ng'ombe wanaingizwa katika kibanio cha kuwachomea chanjo, na wengine wanatulia mbavu zikishabanwa. Akaingia humo yeye mwenyewe. Akiwa na miaka 18 alijitengenezea mashine yake: mbao mbili zilizotandikwa vitu laini, zinazobana mwili kwa pande zote mbili, na mkono wa kuziendesha ukiwa ndani, karibu naye. Mwaka 1992 alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu mkandamizo mzito na jinsi ulivyomtuliza.

Wengi husimulia mashine hiyo wakisahau lile la muhimu kuliko yote, kwamba aliyekuwa akiiendesha ni yeye. Alibana alipotaka, akaachia alipotaka. Mtoto mwenye usonji anayekimbia mkono wa mama si lazima awe anamkimbia mama. Pengine mguso mwepesi wa ghafla unamuunguza kama mtu mwingine anavyoudhika na kelele za msumeno. Mzazi anaweza kuanza juu ya nguo, kwa kiganja kizima, kwenye mabega au mgongoni, mahali palepale na mpangilio uleule kila siku, akihesabu kwa sauti ili mtoto ajue mwisho uko wapi. Huko Oregon, Marekani, daktari Louisa Silva aliwafundisha wazazi kumkanda mtoto wao kwa dakika 15 kila siku, na kanuni yao ya msingi inafaa kuazimwa: mtoto akikataa mahali fulani, mkono haulazimishi wala haukimbii, unabadilisha namna. Matokeo waliyoyaripoti ni mazuri, ila karibu yote yalipimwa na timu yao wenyewe. Mzazi asiuziwe habari ya kwamba usonji unaondolewa kwa kukandwa. Hauondolewi.

Mtoto mwenye hali ya Down huzaliwa na misuli laini na kano zilizolegea. Hupenda kukandwa, na huko Pisa, Italia, watafiti waliona uwezo wa kuona wa watoto wachanga wa hali hii ukikomaa vizuri zaidi kwa waliokandwa. Timu ya huko ilikwisha kuona hivyo mwaka 2009 kwa watoto njiti. Ila kati ya asilimia 10 na 20 ya watu wenye hali ya Down wana ulegevu katika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Wengi hawajijui. Shingo ya mtoto huyu haipindwi, haivutwi, haizungushwi, hata kwa mchezo. Moyo wake pia uwe umeshapimwa.

Wengine wapitiwe kwa ufupi. Mwenye mgongo wazi anaweza asihisi miguu yake, hivyo hawezi kusema maji yana moto au mkono unaumiza. Na kama amewekewa mrija wa kuteremsha maji ya kichwani, njia yake kichwani, shingoni na kifuani haiguswi. Mtoto mwenye selimundu hapakwi mafuta ya baridi wala kuachwa wazi kwenye feni, kwa sababu baridi inaweza kumwamshia maumivu. Wakati wa maumivu makali mfupa unaouma haukandwi. Kwa mtoto huyo, na kwa mtoto yeyote aliyeugua malaria mara kwa mara, upande wa kushoto wa tumbo juu huachwa kabisa. Wengu lililovimba linaweza kupasuka kwa kubonyezwa, na damu ikamwagika ndani bila mtu kuona. Mwenye saratani asikandwe kabla daktari hajasema, kwani damu yake inaweza kuwa haigandi, na uvimbe haubonyezwi kamwe.

Miguu iliyopinda tangu kuzaliwa ni mfano wa mahali ambapo kukanda peke yake ni kupoteza muda wa mtoto. Bibi huikanda kila asubuhi akitumaini itanyooka. Njia iliyothibitika ni ya daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani: mguu husogezwa kidogo na kufungwa plasta ya jasi kila wiki, kwa wiki kadhaa, mara nyingi kano ya kisigino hukatwa, kisha mtoto huvaa viatu maalumu hadi karibu miaka 4. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam hutibu kwa njia hiyo, na vivyo hivyo vituo vingi vya Kenya na Uganda. Mtoto aliyefikishwa akiwa na wiki mbili ana kazi nyepesi kuliko aliyekandwa mwaka mzima nyumbani.

Limebaki suala la ruhusa, na si dogo. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Mtoto aliyezoea kushikwashikwa kila siku na watu wazima, kwa jina la tiba, bila kuulizwa, anafundishwa kwamba mwili wake si wake. Kwa hiyo hata mchanga aulizwe: mkandaji amwonyeshe viganja, ayasugue mafuta mbele ya macho yake, angoje. Asiyezungumza hujibu kwa macho, kwa kuegemea, kwa kujikunja. Kuna mpango wa shule ulioanzishwa na Mswidi Mia Elmsäter na Mkanada Sylvie Hétu ambamo watoto wa miaka 4 hadi 12 hukandana wao kwa wao, mgongo na mabega, nguo zikiwa mwilini. Kabla ya kuanza, mmoja humwomba mwenzake ruhusa, mwenye mwili akikataa, hakandwi, wakimaliza wanashukuriana. Walimu hawagusi mtu. Kwa kijana aliyebalehe, mlango uwe wazi, mlezi awepo, nguo zisivuliwe bila sababu, na mkandaji awe wa jinsia anayoichagua yeye.

Nchi zetu hazina wataalamu wa kutosha wa fiziotherapia kwa watoto, na wengi wako mijini. Wakandaji wapo kila mtaa, wana mikono iliyokomaa, na wanaaminiwa. Ni hasara kuwaacha wakifanya kazi gizani, na ni hasara zaidi kuwadharau. Siku mbili tatu za mafunzo katika zahanati, mkandaji na mtaalamu wakikaa mkeka mmoja na mtoto mmoja, zingewafundisha wote wawili: mmoja atajua lini asivute, mwingine atajua namna ya kumtuliza mtoto anayelia mbele ya koti jeupe.

Nawe mzazi unayesoma, angalia mambo haya machache. Ngumi zinazobaki zimefungwa baada ya miezi 4. Miguu inayobana kila unapobadilisha nepi. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Asiyeweza kukaa akiwa na miezi 8, au kutembea akiwa na miezi 18. Ukiona mojawapo, usisubiri mafuta yafanye kazi. Nenda kliniki ya mama na mtoto wiki hiyohiyo, mweleze muuguzi ulichokiona, na uombe rufaa ya kumwona daktari wa watoto na mtaalamu wa fiziotherapia. Kukanda kunaweza kuendelea sambamba na matibabu yao, kwa maelekezo yao.